Chozi la Mwanaume Mbele ya Kamera: Nani Alilia, na Nani Aliruhusu?

Picha ya Michael Jordan akilia karibu kila mwenye simu ameshakutana nayo. Macho mekundu, mashavu yamelowa, sura ya mtu anayejaribu kujizuia na imeshindikana. Timu ikifungwa, kichwa hicho kinakatwa na kubandikwa kwenye mwili wa kocha. Mtu akiachwa na mpenzi wake, kinabandikwa kwake. Wengi wanaoituma hawajui hata ilipigwa lini. Ilikuwa Septemba 2009, siku Jordan alipoingizwa rasmi kwenye orodha ya magwiji wa mpira wa kikapu Marekani. Alisimama jukwaani machozi yanamtoka, mpigapicha wa shirika la habari akabonyeza, na mambo yakaishia hapo. Miaka kadhaa baadaye intaneti ikaifukua na kuigeuza kichekesho.

Februari 2020 Jordan akalia tena hadharani, safari hii kwenye kumbukumbu ya Kobe Bryant, aliyekuwa amekufa kwa ajali ya helikopta mwezi uliotangulia. Katikati ya hotuba akatania kwamba sasa itabidi aangalie meme nyingine ya kilio chake kwa miaka mingine tena. Ukumbi mzima ukacheka. Hebu fikiria hapo: mtu yuko msibani, anamlilia kijana aliyemhesabu kama mdogo wake, na bado anaona bora awahi kujicheka mwenyewe kabla watu hawajamcheka.

Kwa Kiswahili neno lake ni moja tu: jikaze. Mtoto wa kiume akianguka, jikaze. Akipelekwa jando, jikaze. Akifiwa na baba yake, wajomba wanamshika bega, jikaze, wewe ndiye mwanaume wa nyumba sasa. Ndiyo maana wengi wakisikia kuna picha za sanaa zinazoonyesha wanaume wakilia, wanadhani ni mambo ya juzi, mambo ya kizazi cha "afya ya akili" na mapodikasti. Kumbe kamera na udhaifu wa mwanaume wamezaliwa pamoja. Mwanaume amekuwa akipigwa picha akiwa amevunjika kwa zaidi ya miaka 180. Kinachobadilika humo ndani, na ndicho cha kukitazama, ni nani aliulizwa ruhusa.

Picha linaanzia Paris, 1839. Serikali ya Ufaransa inamtangazia dunia Louis Daguerre kuwa ndiye aliyegundua namna ya kunasa picha, inampa pensheni, jina lake linavuma kila kona. Pembeni kuna mtumishi wa Wizara ya Fedha anayeitwa Hippolyte Bayard, naye amegundua njia yake mwenyewe ya kutoa picha moja kwa moja kwenye karatasi, mwaka huohuo. Tena Juni 1839 alikuwa ameshaonyesha picha 30 hadharani, kabla siri ya Daguerre haijawekwa wazi mwezi Agosti. Lakini mwanasayansi François Arago, mtu mzito aliyekuwa upande wa Daguerre, akamsihi asiharakishe kujitangaza. Akapewa faranga chache za kununulia vifaa. Ni kama mtu kuja na wimbo wake studio, akaambiwa "subiri kidogo", halafu anausikia redioni umeimbwa na mwingine.

Bayard alifanya nini? Oktoba 1840 alijipiga picha akiwa maiti. Kifua wazi, shuka kiunoni, macho yamefumba, kichwa kimelala upande, uso na mikono imeiva rangi kuliko mwili. Kofia ya majani imetundikwa ukutani. Nyuma ya picha akaandika maelezo, kwamba huyu mnayemwona ni marehemu Bayard, serikali iliyomjaza Daguerre fedha ilisema haiwezi kumsaidia, na masikini kaamua kujitupa majini. Akaongeza dhihaka kuhusu uso na mikono kuanza kuoza, akiwataka watazamaji wapite haraka kabla harufu haijawafikia.

Hakufa, bila shaka. Aliishi hadi 1887. Lakini picha hiyo mara nyingi inatajwa kuwa ya kwanza ya kuigiza katika historia yote ya upigaji picha, na tazama imebeba nini: mwanaume mzima, mwenye kazi ya ofisini, anasema mbele za watu kwamba ameumizwa. Hakutunisha kifua wala kumtukana Daguerre. Alivua shati akafumba macho. Na kwa kuwa kamera za wakati ule zilihitaji mtu atulie kwa dakika kadhaa, ilimbidi auvumilie huo uchungu wake wa kuigiza muda mrefu kuliko selfi yoyote ya leo.

Bayard alijipiga mwenyewe. Mwanaume anayefuata hakuwa na bahati hiyo.

Miaka ya 1850, hapohapo Paris, daktari Guillaume Duchenne alikuwa akitafuta misuli inayotengeneza kila hisia usoni. Alimpata mzee mmoja asiye na meno, fundi viatu, ambaye ugonjwa ulikuwa umemfisha ganzi ya uso: hasikii maumivu. Duchenne akawa anamwekea ncha za waya wenye umeme mashavuni, kwenye paji, pembeni mwa mdomo, halafu picha inapigwa. Bonyeza hapa, mzee anatabasamu. Bonyeza pale, ana hofu. Bonyeza pengine, analia. Kuna picha ambazo nusu ya uso wake inacheka na nusu nyingine inalia kwa wakati mmoja. Yeye mwenyewe ndani hasikii chochote kati ya hivyo.

Kitabu kikatoka 1862. Charles Darwin akazitumia baadhi ya picha zake kwenye kitabu chake kuhusu hisia cha 1872, na hadi leo tabasamu la kweli, lile linalofika machoni, wanasaikolojia wanaliita kwa jina la Duchenne. Daktari alitaka pia wasanii wajifunze kutokana na picha hizo, na kitabu kina sehemu inayozungumzia sanaa moja kwa moja. Kwa hiyo sura ya mwanaume anayelia iliingia kwenye vitabu vya sanaa kupitia uso wa mzee masikini aliyelizwa kwa umeme. Jina la Duchenne liko kwenye tabasamu. Jina la fundi viatu halimo kitabuni. Ni "mzee" tu.

Huo mchezo umejirudia sana baadaye. Machozi yenye jina yanakuwa ya mtu, na yasiyo na jina yanakuwa mali ya aliyeshika kamera.

Karne ya 20 ikaja na vita, na vita ndivyo vilivyompa mwanaume kibali cha kulia mbele ya lenzi. Masharti yake yalikuwa wazi: awe ndani ya sare. Aprili 1945 rais Franklin Roosevelt alifariki Warm Springs, Georgia. Mwili unapoondoka, mwanamuziki Graham Jackson, mtu mweusi aliyevaa sare, anapiga akodiani huku machozi yakimtiririka. Ed Clark wa jarida la Life akaipiga. Ikawa picha ya maombolezo ya taifa zima. Na ni Georgia ileile ambayo sheria zake hazikumruhusu Jackson kuketi popote anapotaka. Machozi yake yalikaribishwa mahali ambapo mwenyewe hakukaribishwa, kwa sababu alikuwa anamlilia rais. Angekuwa anajililia mwenyewe, haielekei kwamba Life wangetoa nafasi.

Picha iliyokwenda mbali zaidi ni ya Korea, 28 Agosti 1950, eneo la Haktong-ni. Askari wa Marekani ametoka kupoteza rafiki yake. Ameangukia kifuani kwa mwenzake, na mwenzake amemkumbatia, mkono umeshika kisogo cha yule anayelia kama mama anavyombembeleza mtoto mwenye homa. Nyuma yao ameketi askari wa tatu, anajaza karatasi za majeruhi na waliokufa, hata hawatazami. Yule wa tatu ndiye anayeifanya picha iwe ngumu kuisahau. Bila yeye ni picha ya huzuni. Yeye akiwepo, unaelewa kwamba hapo kazi inaendelea, na kulia nako ni sehemu ya ratiba.

Aliyeipiga ni Al Chang, mpigapicha wa jeshi. Ilikuwa picha ya kazi, siyo ya sanaa. Lakini Edward Steichen aliichagua kwenye maonyesho yake ya "The Family of Man" yaliyofunguliwa Januari 1955 kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, yenye picha 503. Maonyesho hayo yakazunguka dunia, yakatazamwa na watu zaidi ya milioni 9, na leo yamewekwa moja kwa moja kwenye ngome ya Clervaux, Luxembourg. Hapo ndipo wanaume wawili waliokumbatiana wakilia waliposimama kwenye ukuta wa sanaa, mbele ya familia zilizovaa nguo za Jumapili. Maelezo yaliyosambaa na picha yalisema askari tu, bila jina. Hakuna aliyewauliza kama wanataka mama zao wawaone hivyo.

Inawezekana wangekubali. Askari wengi wangekubali. Lakini kuna picha za wanaume ambao jibu lao linajulikana bila kuuliza.

Ernest Cole alizaliwa 1940 karibu na Pretoria. Kijana mweusi, kamera mkononi, ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1966 alitoroka nchi na negativu zake, na 1967 kikatoka New York kitabu chake "House of Bondage", ambacho nyumbani kwake kilipigwa marufuku. Ndani kuna picha ya vibarua wa migodini kwenye uchunguzi wa afya. Wamepangwa mstari, uchi wa mnyama, wameelekea ukutani, mikono juu. Watu wazima, baba za watu. Nyuso hazionekani.

Kwa msomaji wa Tanzania picha hiyo haiko mbali kama inavyodhaniwa. Shirika lililokusanya vibarua wa migodi hiyo, ambalo wazee waliliita Wenela, lilichukua watu hadi nyanda za juu kusini mwa Tanganyika, kabla uhuru haujaufunga mlango huo. Vijana walikwenda Joni kutafuta mahari na baiskeli. Walirudi na redio, mablanketi na hadithi za kazi. Habari ya kupangwa uchi ukutani si hadithi ya kumsimulia mke jioni.

Cole alikuwa anaficha kamera ili azipate picha hizo, kwa hiyo hangeweza kuomba ruhusa hata angetaka. Je, na yeye aliwanyang'anya? Hapa hukumu si rahisi. Waliowavua nguo ni wenye mgodi. Cole aliwapiga kwa nyuma, migongo tu, na kwa kufanya hivyo aliwaachia kitu ambacho mgodi haukuwaachia: uso wao hakuna anayeumiliki. Ukilinganisha na mzee wa Duchenne, aliyepigwa karibu kabisa huku daktari akionekana pembeni ameshika nyaya, utaona kwamba picha mbili za wanaume wasio na ulinzi zinaweza kwenda njia mbili tofauti kabisa.

Halafu akaja mtu aliyelia kwa hiari yake na akakataa katakata kusema kwa nini.

Bas Jan Ader alikuwa Mholanzi aliyehamia California. Mwaka 1970 alianza kazi inayoitwa "I'm Too Sad to Tell You", yaani nina huzuni kiasi kwamba siwezi kukwambia. Kulikuwa na picha yake akilia. Picha hiyo akaitengeneza postikadi, akaandika maneno hayo nyuma kwa mkono, akawatumia marafiki zake kwa posta. Basi. Hakuna maelezo, hakuna "nipigie". Mwaka 1971 akatengeneza filamu fupi ya dakika tatu na nusu hivi, isiyo na sauti, nyeusi na nyeupe, uso wake tu. Anafuta macho, anajikusanya, machozi yanamshinda tena, anainamisha kichwa. Hakuna kisa. Hujui kafiwa, kaachwa, au kakumbuka jambo.

Kwa watu wa zama za status, kitendo hicho kinaeleweka vizuri ajabu. Kila mtu ana rafiki anayeposti "leo nimechoka na dunia" halafu ukimuuliza hajibu. Tofauti ni kwamba Ader hakuwa anatafuta wa kumuuliza. Aliyepokea postikadi asubuhi, kikombe cha chai mkononi, alibaki na uso wa mwanaume anayelia na hana la kufanya nao. Huruma ipo, mahali pa kuipeleka hakuna.

Wanaomjua historia yake hutaja kwamba baba yake, mchungaji, aliuawa na Wanazi mwaka 1944 kwa kuwaficha Wayahudi, na Bas Jan alikuwa mtoto wa miaka miwili. Inaweza kuwa ndiyo sababu, inaweza isiwe. Yeye hakusema, na hapo ndipo ulipo ubabe wa kazi hiyo: kwa mara moja mwanaume anatoa chozi lake lakini funguo anabaki nazo. Julai 1975 alipanda boti yenye urefu wa mita 4 hivi kutoka Cape Cod, akitaka kuvuka Atlantiki peke yake kama sehemu ya kazi yake ya sanaa. Aprili 1976 boti ilikutwa ikielea karibu na Ireland. Mwili wake haukupatikana.

Mholanzi mwingine, Rineke Dijkstra, aliifikia sehemu hiyohiyo kwa kupitia uchovu. Mwaka 1991 alikuwa anapona jeraha la nyonga, anaogelea kama tiba, na akajipiga picha bwawani Amsterdam mara baada ya kutoka majini, akiwa hoi, karibu kulia. Akagundua kwamba mtu aliyechoka sana hana nguvu za kupozi. Mwaka 1994 akaenda Ureno kuwapiga picha forcados, vijana wanaoingia uwanjani wanane bila silaha na kumkabili fahali kwa mikono na vifua. Wapemba wataelewa haraka, maana wana mchezo wao wa ng'ombe ambao wengi wanasema asili yake ni Wareno haohao. Dijkstra hakuwapiga wakiwa uwanjani wanaonyesha ujasiri. Aliwasubiri watoke.

Wanasimama mbele ya ukuta mtupu. Koti la mapambo limechanika, tai imekaa upande, damu shavuni, na si rahisi kusema ni ya nani, ya kijana au ya fahali. Lakini macho! Hayana ushujaa hata kidogo. Ni macho ya mvulana aliyeamshwa usiku na kuambiwa kuna jambo limetokea nyumbani. Hakuna chozi hata moja kwenye mfululizo huo, na bado pengine ndizo picha laini kuliko zote za wanaume zilizopigwa muongo ule. Sura ya kiume walishaimaliza yote uwanjani, wakatoka bila akiba.

Mwaka huohuo Dijkstra aliwapiga picha wanawake waliotoka kujifungua, wamesimama na vichanga kifuani, na mara nyingi picha za aina hizo mbili zinatajwa pamoja. Kuna kitu kidogo kwenye majina ya kazi zenyewe. Za akina mama zina majina yao: Julie, Tecla, Saskia, kisha mji na tarehe. Za wapiganaji zina mji na tarehe tu. Vila Franca de Xira, 8 Mei 1994. Kama fundi viatu, kama askari wa Korea, nao wamepita bila jina. Ila hawa walisimama wenyewe, wakaitazama kamera wakijua ni kamera.

Majina yalikuja kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na aliyeyaleta ni Sam Taylor-Wood wa London, ambaye leo anaitwa Sam Taylor-Johnson. Wapenzi wa filamu wanamjua kwa "Fifty Shades of Grey" ya 2015 na "Back to Black" ya 2024. Kabla ya Hollywood alikuwa msanii wa picha na video, na kabla hajafika miaka 35 alikuwa ameshaugua saratani mara mbili. Mwaka 2001 alitengeneza filamu fupi, "Pietà", akiwa ameketi kwenye ngazi na kumpakata Robert Downey Jr. kama Bikira Maria alivyompakata Yesu kwenye sanamu ya Michelangelo. Huyo ni Downey wa kabla ya Iron Man, enzi ambazo magazeti yalimwandika kwa dawa za kulevya na mahakama. Mwili wa mwanaume mzima ni mzito, na kwenye filamu inaonekana waziwazi kwamba mwanamke anaulemewa.

Kuanzia 2002 hadi 2004 akafanya "Crying Men". Aliwaomba waigizaji zaidi ya 20, wanaume watupu, tena wakubwa, walie mbele ya kamera yake. Paul Newman. Laurence Fishburne, aliyekuwa Morpheus. Daniel Craig, kabla hajawa James Bond. Ryan Gosling, Jude Law, Benicio Del Toro, Philip Seymour Hoffman, Robin Williams. Forest Whitaker naye yumo, miaka michache kabla hajajifunza Kiswahili ili amcheze Idi Amin na kuondoka na Oscar.

Picha zilipotoka, swali lilikuwa moja mdomoni mwa kila mtu: wanalia kweli au wanaigiza? Hawa ni watu wanaolipwa kulia. Taylor-Wood mwenyewe amesimulia kwamba wengine walianza kulia hata hajamaliza kuandaa kamera, wengine walihangaika kweli, na akawaachia watazamaji waamue chozi lipi ni la kweli. Wapo walioona huo ni ujanja, kwamba chozi la kuigiza halina thamani kwenye ukuta wa makumbusho.

Swali hilo ni halali lakini linakosa shabaha. Bayard aliigiza kufa, na uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa. Mzee wa Duchenne hakuigiza hata chembe, misuli ya uso wake ililia kwelikweli, na hakukuwa na uchungu wowote nyuma yake. Kuigiza peke yake hakukwambii lolote. Kilicho kipya kwenye "Crying Men" ni kwamba wanaume waliombwa, wakapanga siku, wakafungua mlango, wakakaa kitini, wakalia, wakainuka wakasaini. Majina yao makubwa yako chini ya picha. Mtu ambaye jina lake linauza sinema za mabavu alikubali litumike kuuza udhaifu. Na aliyekuwa nyuma ya kamera ni mwanamke, jambo ambalo katika historia nzima ya picha za aina hii halikuwa la kawaida. (Mwaka 2004 hiyohiyo alimpiga David Beckham filamu ya zaidi ya saa moja akiwa amelala usingizi. Hafanyi lolote, anageuka tu kitandani. Watu walipanga foleni kwenda kuitazama London.)

Baada ya hapo mlango haukufungwa tena. Mwaka 2015 mwanafunzi Mholanzi, Maud Fernhout, alifanya "What Real Men Cry Like", safari hii vijana wa kawaida, si waigizaji, na picha zake zikasambaa mitandaoni kwa kasi. Chini ya picha za aina hiyo huwa kuna makundi mawili siku zote, wanaosema hongera na wanaosema dunia imeisha.

Lakini picha za Taylor-Wood ndizo ambazo muda umezifanyia jambo. Februari 2014 Philip Seymour Hoffman alikutwa amekufa nyumbani kwake New York kwa dawa za kulevya. Agosti mwaka huohuo Robin Williams, mtu aliyechekesha vizazi viwili, alijitoa uhai. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha ubongo wake ulikuwa umeshambuliwa vikali na ugonjwa ambao wakati anauawazia hakujua jina lake. Wiki zile watu walianza kutumiana tena picha yake ya 2002. Waliomwona zamani na kusema "huyu anaigiza" walijikuta wanaikuza kwenye kioo cha simu, wanatazama jicho la kushoto, wanatazama la kulia, wanatafuta kitu ambacho pengine hakikuwepo siku ile. Hakuna kilichokuwa kimebadilika kwenye picha.